Pembe ya Nne

Tulipomaliza kunawa mikono, kama ilivyo desturi baada ya kuzika, tuliketi chini ya turubai nyumbani kwa marehemu huko Giheke, Rwanda, kila mtu na glasi yake. Kapiteni Gaspard alikufa akiwa na cheo kikubwa zaidi, lakini kwangu alibaki kapiteni. Meza yetu ilijaa watu aliowaandikisha mwenyewe: wanaume wenye mvi, mafundi na wahandisi wa jeshi waliostaafu, na mwanamke mmoja mwenye miwani aitwaye Godelive. Wote walitoka shule moja ya ufundi ya Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, ambayo ndiyo iliyokuwa shule ya marehemu. Mkwe wake, kijana mwenye adabu, alikuwa akigawa vinywaji. Aliponifikia akaniuliza, "Na weye mzee, ulikuwa promosheni gani?" Nikamjibu sikuwa promosheni yoyote, yaani sikuwa katika mwaka wowote wa waliohitimu, kwani niliacha shule mwaka wa tatu. Aliona haya kana kwamba amenikanyaga kidole. Meza nzima ikacheka, na Godelive akasema kwa Kiswahili cha Bukavu, ambako "ndiye" ni "njo" na "wote" ni "bote", "Usimuonee huruma. Huyo njo alitutafutaka sisi bote ku milima. Na njo yeye alinifukuzishaka mimi." Kijana akanijazia glasi mpaka ikamwagika.

Aliyoyasema Godelive yalitokea mwaka uliofuata vita vya kwanza vya Kongo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nimefanya kazi nyingi kuliko miaka hiyo: nilibeba mbao, nilifungua redio za watu na kuzifunga tena, nilitafsiri kwenye mpaka wa Rusizi kwa wale ambao Kinyarwanda chao kilikuwa kibovu kuliko changu. Mimi, kama wengi wetu tuliokulia Bukavu, nilivuka daraja na kuingia Rwanda, nchi niliyoambiwa tangu utotoni kuwa ni yangu, nikakuta watoto wake wanacheka namna ninavyosalimia. Nilipanga chumba Kamembe, nyuma ya malewa, mgahawa mdogo wa Maman Nabintu, mama wa Bukavu aliyepikia nusu ya mji. Chumba hicho kilikuwa stoo ya vinywaji. Kilinuka sambaza, dagaa wa ziwani, waliokaangwa, kwa sababu ukuta uliokitenga na jiko ulikuwa wa mbao tupu, na mbao hazizuii harufu wala maneno. Niliyasikia yote: nani amekataliwa mpakani, nani amemwacha nani, bei ya sombe, yaani kisamvu. Nilikuwa mtu wa kusikiliza. Mpaka leo sijui kupita mahali watu wanapoongea bila kupunguza mwendo.

Kapiteni Gaspard niliona kidole chake kabla ya kuona uso wake. Alikuwa amekaa peke yake mezani kwa Maman Nabintu, bugali na mchicha wa lengalenga mbele yake, na kwa kidole kilicholowa alikuwa akichora kitu kwenye meza. Nilisimama nyuma yake na sahani yangu.

"Unaangalia nini?" akauliza bila kugeuka.

"Daraja, afande. Lakini ile nguzo ya katikati itazama."

Sasa akageuka. Aliniuliza nilijifunza wapi maneno hayo, nikamtajia shule. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akinipaka mabaki ya bugali, akasema na yeye alitoka hapo hapo, miaka mingi mbele yangu. "Promosheni gani?" Nikamtajia mwaka ambao ningemaliza kama nisingeondoka. Nilijiambia kwamba huo si uongo kamili, kwa sababu ule mwaka ulikuwepo kweli, na wenzangu walimaliza kweli. Akataka kujua kama nina diplomu ya A2, ya waliomaliza miaka sita. Nikamwambia ilibaki Bukavu, nyumba iliporwa. Hilo la nyumba kuporwa lilikuwa kweli. Diplomu za watu wote zilibaki huko, na hakuna aliyeshangaa kusikia hivyo. Kisha nikaingia chumbani kwangu, nikachukua kitu kilichokuwa kinazuia mlango usijifunge, nikamwekea mezani. Kapiteni alikiangalia, akafungua mkoba wake wa turubai, akatoa chake, akaviweka pamoja kama mtu anayekutanisha ndugu.

Ni lazima nieleze kitu hicho. Katika shule yetu, mwaka wa kwanza, kabla hujaruhusiwa kugusa mashine yoyote, ulipewa kipande cha chuma kibichi, ukakibana kwenye jiliwa, ukapewa tupa, na ukaambiwa ukifanye kiwe mchemraba, sentimita nne kila upande. Sisi tuliuita kibe. Kazi hiyo ilichukua miezi. Viganja vilitoka malengelenge, malengelenge yakawa sugu, na sugu zikaanza kuelewa chuma. Mwalimu wetu alikuwa Metre Cirhuza, mtu mfupi wa kabila la Washi, aliyevaa koti la buluu mpaka kifungo cha shingoni. Alikuwa na ekeri moja ya chuma, kipimo cha pembe mraba, iliyoning'inia kwenye msumari karibu na dirisha, na hakuna aliyeigusa kabla ya kuosha mikono. Unampelekea kibe, anaweka ekeri kwenye pembe, anainua vyote viwili kuelekea dirishani, anafumba jicho moja, anatafuta mwanga. Mwanga ukipenya kati ya chuma na chuma, unarudi kwenye tupa. Usipopenya, anagonga nambari yako kwenye uso mmoja wa kibe, na tangu hapo ni chako mpaka kufa.

Kapiteni alikuwa ametumwa kutafuta mafundi. Karakana ya jeshi ilikuwa na malori yaliyokufa, madaraja yaliyoanguka, njia za mashamba zenye mabomu ya kutegwa ardhini, na watu wachache sana wanaojua kusoma mchoro. Wakubwa wake walimwambia atafute popote. Yeye akasema hatatafuta popote, atatafuta shule yake, kwa sababu anajua tumefundishwa nini na kwa ukali gani. Shida ilikuwa kwamba shule hiyo ilikuwa ng'ambo, karatasi zake zilisemekana kuwa majivu, na waliomaliza huko walitawanyika katika vilima vya Cyangugu, wakilima viazi. Alihitaji mtu anayejua nani anaishi wapi. Mimi nilijua. Mwisho wa kiangazi lori lingekuja kuwachukua waliochaguliwa kwenda kufundishwa uhandisi wa jeshi, na jina langu lingekuwa miongoni mwao.

Tulianza kuzunguka na pikipiki yake, mimi nyuma. Kila nikikumbuka miezi ile naona majiko na nyua, kwa sababu hatukuwahi kumwandikisha mtu bila kula kwao kwanza. Giheke tulimkuta mama wa rafiki yangu Silas ameketi mlangoni, anavunja kokwa za mawese. Alikuwa akizivunja kwa kibe cha mwanawe. Watu wakikimbia hawabebi vitu kwa akili. Wengi waliacha karatasi na kubeba kile chuma, kwa sababu karatasi zilikuwa kabatini na chuma kilikuwa jikoni. Kapiteni alivua kofia, akaeleza alichokuja kutafuta. Mama hakuacha kuvunja.

"Jeshi," akasema. "Vita vilinikulia watoto babili. Sasa unakuja na pikipiki kuchukua wa tatu."

"Mama, ni kazi ya uhandisi."

"Ya kujenga ao ya kubomoa?"

Nilimtazama kapiteni. Ofisa mwingine angesema ya kujenga. Yeye akasema, "Yote mbili, mama. Siwezi kukudanganya."

Mama akavunja kokwa nyingine, akaitazama ndani yake. "Basi aanze na ile ya kujenga. Akichoka, arudi." Kisha akaita kwa sauti, "Silas! Nawa mikono, kuko batu banakutafuta. Na umwambie dada yako aongeze maharage."

Habari ikasambaa haraka kuliko pikipiki. Kapiteni alipewa ghala la kahawa lililokuwa tupu, lenye magunia machache na dirisha moja kubwa linalotazama ziwa, na kila asubuhi watu walipanga mstari mlangoni. Wengi walikuwa na kibe mkononi, na wengi hawakuwahi kukanyaga shule yetu. Njaa ya kazi ilikuwa kubwa, sikuwalaumu. Vibe vikaanza kuuzwa Bukavu sokoni, vingine vimekatwa kwa mashine, vingine vimepigwa tupa na mafundi wazuri kabisa. Mtu mmoja alikuja na kibe chenye nambari ambayo tayari tulikuwa nayo. Kapiteni alimuuliza jina la mwalimu, naye akajibu vizuri, kwa sababu jina la Metre Cirhuza nalo lilikuwa linauzwa pamoja na chuma. Kapiteni akaanza kukata tamaa. "Tutachukua mwizi wa maneno," alisema akila, "tumupe bomu ya kutegua, afe, na aue wenzake."

Ndipo nilipofanya ugunduzi wangu. Kapiteni aliletewa kutoka Kigali ekeri mbili mpya kwa ajili ya mafunzo, kila moja katika sanduku la mbao lenye kitambaa ndani. Siku moja alipokwenda kula, nikabaki ghalani. Sikuwa na sababu yoyote ila kutaka kuzishika. Nilipanga kwenye kizingiti cha dirisha vibe vya wale tuliowajua kwa hakika, Silas na wengine, na changu, na cha kapiteni, kisha nikaweka ekeri mpya kwenye kila kimoja na kuinua. Mwanga ulipenya, mwembamba kama uzi. Ulipenya kwenye vyote, upande ule ule, unene ule ule. Nilidhani ekeri mpya imepinda. Nikachora mstari sakafuni kwa chaki, nikaigeuza ekeri upande wa pili, nikachora tena: mistari miwili ikalala mmoja juu ya mwingine, jambo ambalo ekeri iliyopinda haiwezi kufanya. Basi iliyopinda ilikuwa ile ya msumarini, Bukavu. Labda ilianguka siku moja kabla hatujazaliwa. Metre alipima pembe mbili tu, moja kwenye uso wenye nambari na ile inayoikabili kwa mshazari, halafu nyuso nyingine alizipima unene tu, na unene ulikuwa sawa. Hivyo kila kibe cha shule yetu kilitoka kama mtu aliyeegemea mlango: pande zote sawa, lakini amelalia upande mmoja.

Kapiteni aliporudi nikamwonyesha. Alichukua chake, akakiinua mwenyewe, akauona ule uzi wa mwanga. "Miaka yote hii," akasema, "hiki kintu kiko ku meza yangu. Nilionyesha hata jenerali. Nilimwambia, ona, mikono yangu ya miaka kumi na mitatu." Kisha kicheko kikamshika, akakaa juu ya gunia, akajifuta machozi kwa kofia. Alipoinuka alikuwa na amri mpya. Hakuna fundi wa sokoni angejua kuigiza kosa ambalo sisi wenyewe hatukulijua. Kibe kinachoegemea ni cha kwetu. Kilichonyooka ni cha kununua. "Faustin, hii ni muhuri," akaniambia. "Metre alitupiga muhuri bila kujua." Siku hiyo hiyo tuliwarudisha watu wanane, nami nikatembea Kamembe kama jogoo. Sikutaka kuona tundu lililokuwa katikati ya kipimo changu, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa nimepita humo. Kibe kilithibitisha mwaka wa kwanza tu. Hakikusema lolote kuhusu mitano iliyofuata.

Godelive alikuja wiki ya mwisho, lori likiwa linangojwa Jumamosi. Alitembea kutoka Nyakabuye, viatu mkononi, na kabla ya kuingia aliosha miguu kwenye bomba la uani na kuvaa viatu. Nilimtambua kwa hilo hilo la kuosha miguu. Alikuwa msichana pekee katika darasa letu. "Faustin! Kumbe uko muzima," akasema, na uso wake ukafunguka. Nikamkatiza haraka, kabla hajaongeza neno, "Ingia, ingia, afande anakungojea." Kapiteni akapokea kibe chake, akaweka ekeri, akainua dirishani. Hakuna mwanga. Akageuza pembe ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote vilivyopita katika ghala lile.

"Nani alikutengenezea?"

"Mimi mwenyewe, afande. Ku shule."

"Mama, ku shule yetu hakuna muntu alitokaka na kibe kama hiki."

"Njo maana Metre alinipa ine kwa kumi," akasema, yaani alama nne tu.

Kapiteni alitabasamu kwa uchovu. Alikuwa amesikia hadithi nyingi mwezi ule. Kisha akanigeukia. "Faustin, kama anasema kweli, mulikuwa promosheni moja. Unamujua?"

Ziwa lilikuwa linang'aa dirishani, na nakumbuka nilitamani mtu aniite nje. Kama ningesema namjua, kapiteni angemuuliza na yeye kama ananijua, na Godelive hakuwa mtu wa kusema nusu. Nikasema, "Tulikuwa bengi, afande. Sikumbuki muzuri." Godelive alinitazama. Haikuwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma kipimo na kuandika namba kichwani. Akachukua kibe, akakifunga kwenye pindo la kitenge chake, akamshukuru kapiteni kwa muda wake, akatoka.

Nimetembea nchi sita tangu siku hiyo, na watu wamenitendea mabaya na mimi nimewatendea, lakini nikiulizwa nilijifunza wapi kujiogopa, ni pale, mchana, mbele ya dirisha safi. Nilirudi chumbani kwangu na sahani ya bugali, nikakaa kitandani. Upande wa pili wa mbao nikasikia kiti kikivutwa, na sauti ya Maman Nabintu ikimkaribisha Godelive.

"Kula kwanza. Njaa haijengake daraja. Banasema nini kule?"

"Banasema kibe yangu iko sawa sana."

"Eh! Na iyo njo kosa?"

"Yao inalala kidogo. Yangu hailale."

"Basi ilalishe! Faustin iko na tupa ku chumba, mimi minaionaka nikifagia. Piga mara mbili tatu, urudi kesho. Utasema ulichanganya na ya kaka yako."

Nilisikia kijiko kikigonga sahani. Godelive alikula kwa muda kabla ya kujibu. "Apana, maman."

"Juu ya nini? Kiburi?"

"Haiko kiburi. Lori ikienda bila mimi, narudi Nyakabuye ku matope ya mpunga wa batu, sina kingine. Lakini nikiilalisha leo juu banikubali, siku moja batanituma kupima daraja, na mukubwa ataniambia, lalisha kidogo, tunachelewa. Ntamujibu nini? Nilikwisha kulalisha mara moja."

Maman Nabintu akaguna. "Na huyu Faustin? Hamukusoma naye?"

"Tulisoma naye. Alitoroka mwaka wa tatu."

"Alitoroka! Na hapa anatuambiaka yeye ni enjinia!" Alicheka mpaka akakohoa. "Basi umuseme ku afande!"

"Apana, maman. Kila muntu na kibe yake. Niongeze sombe kidogo, iko muzuri."

Bugali yangu ilipoa mkononi. Sikuimaliza. Nilitoka kwa mlango wa nyuma ili wasinione, nikashuka mpaka ghalani nikiwa karibu kukimbia, kwa sababu nilijijua: nikienda polepole ningepata njia nyingine ya kwenda. Kapiteni alikuwa anaandika orodha kwa mwandiko wake mzuri.

"Afande, kile kipimo changu ni cha bure," nikasema. "Kimeniingiza mimi, na kimemtoa yeye. Yeye alimaliza miaka sita. Nilikuwepo siku Metre alipompa ine, ingawa sikujua sababu. Mimi niliacha mwaka wa tatu."

Akaweka kalamu chini, akaifunga kifuniko. "Juu ya nini uliacha?"

"Kulikuwa na lori inaenda Uvira. Nilitaka kuona Uvira."

"Na uliona nini?"

"Ziwa ingine, afande."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alitazama nje, akatazama orodha, akasema, "Mufate." Sikuuliza nani. Godelive alikuwa ameshaondoka kwa Maman Nabintu, na nilimfikia asubuhi iliyofuata tu, chini kule ambako vilima vya Nyakabuye vinashukia bonde la Bugarama, amesimama kwenye tope la mpunga mpaka magotini. Nilisimama kwenye tuta na kumwambia afande anamwita. Akaendelea kupanda mche baada ya mche mpaka akamaliza mstari wake, nami nikangoja juani, kwa haki.

"Umesema yote?" akauliza alipofika kwenye tuta.

"Yote."

"Na weye, banakufanya nini?"

"Sijui."

"Vizuri," akasema. Sijui mpaka leo alimaanisha nini. Akaosha miguu kwenye mfereji.

Ghalani, kapiteni alimpa kiti, akampa ekeri, akamuuliza alijuaje akiwa na miaka kumi na mitatu jambo ambalo wanaume wazima hawakulijua. Godelive alizungumza na meza kuliko na sisi. "Metre alipimaka pembe mbili, anaacha. Mimi nilitaka zote ine. Nilipiga tupa mpaka tatu zikakubali ekeri. Ya ine ikakataa. Nikaanza upya. Ikakataa tena, mahali pale pale. Nikasema, chuma haina sababu ya kunichukia. Kama ekeri iko ya haki, pembe ya ine haiwezi kukataa. Basi ekeri njo inadanganya. Nikapunguza kosa, nikaligawa pembe zote ine, mpaka zikafanana. Nikamwambia Metre. Akasema mtoto hafundishe ekeri. Nikamujibu vibaya. Akanipa ine."

Kapiteni alichukua kibe chake mwenyewe na kupima pembe zote, polepole, akinong'ona, kubwa, ndogo, kubwa, ndogo. Kisha akafungua orodha, akapiga mstari juu ya jina langu, na pembeni yake, kwa wino ule ule, akaandika la Godelive. Hakunitukana. "Uongo wako ulikuwa mudogo, Faustin," akasema. "Lakini ungekaa ndani ya daraja." Kwa siku mbili zilizobaki aliwaita tena watu wote, hata Silas, akaacha habari ya vibe. Aliwapa mchoro, akawaambia watafute kosa ndani yake. Wale wanane tuliowafukuza tuliwatafuta pia. Wawili walilipata kosa, na wakapanda lori.

Jumamosi lori lilisimama mbele ya malewa. Mama wa Silas alikuja na chungu cha maharage kilichofungwa kwa kitambaa, akampa kapiteni badala ya mwanawe, akasema, "Nimekuhesabu na weye ku batoto bangu." Maman Nabintu alimwita Godelive "afande" kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, ili kila mtu ajue alikula kwake. Mimi nilipandisha mizigo. Nilitarajia kuumia, na niliumia, lakini chini ya maumivu kulikuwa na kitu chepesi ambacho sikuwa nacho tangu siku ile ya kidole mezani: mtu yeyote angeweza kuniuliza lolote. Kabla ya kupanda, kapiteni alinipa moja ya yale masanduku ya mbao yenye ekeri.

"Weye ni muntu wa kwenda," akasema. "Basi nenda. Vuka, umupelekee Metre Cirhuza. Mwaka kesho nitatafuta bengine pale pale, na sitaki tena bale banaegemea."

Nilivuka daraja la Rusizi nikiwa na sanduku kwapani. Nilidhani nitakaa Bukavu saa moja; nilikaa miezi minne, mirefu kuliko yote niliyokaa mahali pamoja kwa hiari. Paa la karakana lilikuwa limepoteza mabati kadhaa, na mashine zilikuwa zimebebwa, lakini majiliwa yalikuwepo, kwa sababu yalifungwa kwenye zege na waporaji hawakuwa na subira. Vijana kama ishirini walikuwa wanapiga tupa. Metre Cirhuza alikuwa amekonda, koti lile lile, kifungo kile kile.

"Faustin," akasema. "Mtoro."

Nikamweleza yote, nikafungua sanduku. Alinawa mikono kwanza. Akaitoa ekeri mpya, akaiweka mgongo kwa mgongo na ile ya msumarini, akazipeleka dirishani, akafumba jicho moja. "Hii yenu njo imepinda," akanirudishia. Sikubishana. Nilimwomba kibe chochote, na nikamwomba apime pembe zote nne kwa ekeri yake mwenyewe. Alipima kwa hasira. Ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu tupa za vijana zilianza kunyamaza moja moja. Kwenye ya nne alisimama na kibe hewani muda mrefu hivi kwamba nilisikia mtu akipita barabarani na mbuzi.

"Nani aliona?" akauliza.

"Godelive."

"Yule wa mdomo," akasema taratibu. Akaigeuza ekeri ya zamani mkononi, akaifuta kwa kona ya koti lake, akaifungia kabatini. Mpya akaitundika msumarini. Kisha akawageukia vijana. "Leteni vibe vyote. Tunaanza upya."

"Metre, mimi nilimaliza yangu jana!"

"Utamaliza tena. Pembe ine."

Wakaanza kunung'unika na kubana chuma. Nilifunga sanduku tupu, nikaaga. Metre Cirhuza alikuwa anatazama jiliwa la tatu kutoka dirishani, ambalo halikuwa na mtu.

"Weye unaenda wapi sasa?" akauliza.

"Sijui bado, Metre."

"Kama haujui," akasema, akininyooshea tupa, "basi haujachelewa. Vua koti."